Kiti cha Mhabeshi

Pepo wa shangazi yangu alikuwa na adabu kuliko watu wote wa nyumba yetu. Akija alitoa salamu, akaulizia hali ya kila aliyekuwepo, na akitaka kitu alikitaja waziwazi na kusema ahsante. Sisi wengine tulikuwa tukiingia jikoni na kuuliza tu, "Chai iko wapi?" kama kwamba chai huota ukutani.

Shangazi ni dada mdogo wa baba. Alipoachwa na mumewe alirudi kwenye nyumba ya wazazi wao, Kibokoni, akiwa na sanduku moja la nguo na sufuria aliyokataa kumwachia mke mwenziwe. Hakuwa na mtoto. Basi akawa mtumishi wetu, ingawa neno hilo hakuna aliyelitamka, maana sisi ni watu wa heshima. Alfajiri alikuwa keshakanda unga wa mahamri na mbaazi zinatokota, na jua likitoka watu wa mtaa wamejaa kibarazani na vibakuli vyao. Kisha chakula cha mchana. Kisha nguo za watu wote. Kisha chakula cha usiku. Akimaliza alijilaza kwenye chumba cha nyuma ya jiko, chumba kisicho na dirisha, ambacho zamani kilikuwa cha kuwekea makaa.

Chumba chake halisi kilikuwa juu. Nyanya, mama yao, aliwakusanya watoto wake kabla hajafa akawaambia kwa mdomo wake kwamba chumba kile chenye dirisha la kutazama kichochoro ni cha bintiye. Lakini wageni wakaanza kupenda vyumba vya Mji wa Kale, vyenye boriti na milango ya nakshi, na baba akaona ni israfu chumba kizuri kama kile kulaliwa na mtu anayetoka alfajiri na kurudi usiku. Akampangisha mgeni. Akamwambia dadake ni kwa muda.

"Hapana neno, kaka," shangazi akajibu.

Ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila jambo. Ukimkanyaga mguu, hapana neno. Ukisahau kumwekea nyama, hapana neno. Nilipokuwa msichana nilidhani huo ndio upole, nikaambiwa niuige. Sikuweza, nashukuru Mungu. Mimi nina hasira za karibu, na hasira zangu zimenifaa kuliko ulivyomfaa shangazi upole wake.

Kwa hiyo Mhabeshi alikuwa na kazi nyingi.

Nieleze kwa asiyezijua desturi zetu. Pepo akimpanda mtu, mtu huyo huitwa kiti. Pepo ndiye anayekaa, na mtu ndiye anayekaliwa. Kiti hakisikii yanayosemwa wala hakiyakumbuki. Pepo akishashuka, lazima mtu mwingine akiambie kiti aliyoyasema mgeni. Nyumbani kwetu kazi hiyo ilikuwa ya mama. Pepo wana makabila yao, na kila kabila lina mapenzi yake. Huyu wetu alikuwa Mhabeshi, mtu mkubwa huko kwao, mpenda udi, marashi, kahawa na halua, asiyependa kelele. Alikuja mara moja kwa mwaka, pengine mbili. Shangazi aliumwa na kichwa kwanza, akaacha kula, na mama akasema, "Kuna mgeni huyo," akatuma mtu kumwita fundi.

Fundi alikuwa mwanamke mnene wa Bondeni aliyejua nyimbo za kila kabila la pepo. Alikuja baada ya sala ya alasiri. Tulifunga mlango wa mbele, tukatandika mkeka, tukaweka chetezo cha udi chini ya kanga aliyofunikwa shangazi, na fundi akaimba polepole huku akipiga upatu. Mabega ya shangazi yalitikisika, yakatikisika, kisha yakatulia. Halafu mgongo wake ukanyooka. Hilo ndilo lililonishtua tangu utoto kuliko nyimbo na moshi. Mtu aliyetembea siku zote kainama, kama aliyeangusha sindano, alikaa wima akatutazama mmoja mmoja machoni.

"Salamu aleikum, watu wa nyumba."

Baba aliitwa. Baba alikuwa mwuzaji katika duka la kanga pale Biashara Street, na kazi yake ilikuwa kukunjua na kukunja nguo mchana kutwa mbele ya wanawake waliokuja kuchagua wasinunue. Kwa wake za watu alikuwa na subira ya ajabu. Aliingia, akakaa chini pembeni mwa mkeka, chini kabisa, na miguu kaikunja.

"Karibu, mgeni wetu. Wataka nini?"

"Kiti yangu nachoka," Mhabeshi akasema, kwa Kiswahili cha mtu aliyekijua ukubwani. "Kiti yangu hapana pika mahamri. Wiki mzima hapana pika. Nataka lala."

"Umesikiwa."

"Na kanga. Hapana kanga ile ya rangi kwisha toka."

Wanawake walijiuma midomo, kwa kuwa kila mtu alijua kanga zilizopauka dukani ndizo baba alizomletea dadake kila Idi. Baba aliinamisha kichwa akasema, "Haya, bwana wangu." Mhabeshi akanywa kahawa yake kwa kituo, akala halua kidogo, akaaga.

Shangazi akizinduka alijipangusa uso, akauliza, "Kwani alisema nini?"

Mama alimwambia.

"Wiki nzima? Astaghfirullah. Yuwapenda makuu huyu. Mimi makuu hayo siyataki."

Akaenda kulala. Na wiki nzima mimi na mama tulikaanga mahamri, mengine mabichi ndani na mengine yameungua, na watu wa mtaa walikula bila kulalamika kwa kuwa walijua shangazi ana mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliamka baada ya wiki ile uso umemjaa, akaimba jikoni.

Niliwahi kumwuliza mama kama ni kweli. Mama alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama bahari ni kweli. "Mwanangu, pepo ni pepo," akasema. "Mgeni akishaingia, usimuulize kapita mlango upi."

Basi sikuuliza tena, na mpaka leo sijui, wala sioni kuna tofauti gani. Nilichokijua ni kwamba mle nyumbani shangazi hakuwa na ulimi wake. Mtu wa kumsemea alikuwa mmoja tu, na huyo alitoka Uhabeshi.

Kisha ikawa siku ile ya biriani. Baba alikuwa amewaalika wazee wanne watano wa msikiti wake, watu wa vilemba na saa za bei, na shangazi alikuwa jikoni tangu usiku. Nilikuwepo, nilikuwa napanga sahani. Shangazi alifika mlangoni mwa sebule na sinia kichwani, akasimama. Sinia likaanguka. Hakukuwa na fundi, hakukuwa na udi wala wimbo, lakini nilimwona akinyooka mgongo, nikajua.

"Salamu aleikum," akawaambia wazee. Na wao, kwa mazoea, wakaitikia.

"Kiti yangu si mtumwa," Mhabeshi akasema. "Kiti yangu ana chumba, juu, ana dirisha. Mama yake nampa. Wewe natoa." Alimwelekezea baba kidole. Kisha akaupeleka mkono wa kulia chini ya kwapa la kushoto, akaushika ubavu wa titi. "Na kiti yangu naumwa hapa. Hapa. Angalia."

Hakuna aliyeangalia. Wazee waliangalia wali uliomwagika, baba aliangalia wazee. Mama alimvuta shangazi ndani kwa kanga yake. Wageni wakanawa mikono na chakula hakijaliwa, na mmoja wao akamshika baba bega pale ukumbini akamwambia kwamba kumlisha jini nyumbani ni shirki, na kwamba yupo ustadhi hodari wa kusomea.

Baba, aliyekaa chini kando ya mkeka miaka yote akipokea amri za Mhabeshi, siku ile aligundua kwamba Mungu ni mmoja.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na Kurani. Mimi mwenyewe humsomea shangazi Yasini kila usiku wa kuamkia Ijumaa. Ugomvi wangu ni na masikio ya watu. Maana Mhabeshi alitaja mambo mawili mbele ya wanaume wazima, chumba na maumivu, na walichokisikia wao ni kwamba jini amesema.

Kusomewa kulifanyika siku ya kazi, nami nilikuwa shuleni Makupa ninakofundisha. Mama ndiye aliyenihadithia, na alinihadithia kila kitu isipokuwa jambo moja alilolizuia moyoni kwa muda mrefu. Ustadhi alikuwa kijana msafi, mwenye sauti nzuri na chupa za mafuta ndani ya mkoba. Alisoma mpaka mgongo wa shangazi ukanyooka. Akauliza, kama wanavyouliza wote, "Umekaa wapi katika mwili huu?"

"Hapa," Mhabeshi akasema, akaupeleka mkono palepale chini ya kwapa.

"Toka."

"Mimi natoka. Nani nasema?"

"Mwongo wewe. Majini ni waongo. Toka."

Mhabeshi aliuliza tena nani atasema. Alipoona hajibiwi, mama aliniambia, alitoa salamu. Alimuaga baba kwa jina la heshima, akamuaga mama, akatokea kwenye kidole gumba cha mguu kama alivyoamriwa. Shangazi alilia kilio kimoja, akalala. Baba akatuma tende kwa majirani.

Baada ya siku ile maumivu ya kichwa hayakuruhusiwa tena nyumbani mwetu. Shangazi akishika paji la uso baba alisema, "Usimfungulie mlango," naye akautoa mkono, akarudi kwenye unga. Mahamri yalitoka kila siku ya Mungu, ya duara, ya rangi moja, na watu wa mtaa wakasema huyu sasa kapona. Kweli alikuwa kapona. Alikuwa hasemi kitu.

"Shangazi, umechoka?" nilimuuliza jioni moja.

"Hapana neno, mwanangu."

Ukapita kama mwaka hivi, ukaja mradi wa kupumua. Watu wema wasiotujua walikuwa wamegundua kwamba sisi wanawake wa Mji wa Kale tuna majonzi yasiyotibiwa. Walitundika kitambaa chenye maandishi kwenye ukumbi wa ghorofani karibu na shule ya watoto, wakatandika mikeka laini ya rangi ya zambarau, wakamleta mwalimu, binti wa bara, Mkristo, mwenye sauti ya kubembelezea watoto. Sikumchukia. Ni vigumu kumchukia mtu anayekupokea buibui lako kwa mikono miwili na kulitundika vizuri. Nilimpeleka shangazi Jumamosi, baada ya mahamri, kwa sababu baba hakuwa na la kusema dhidi ya kupumua.

Siku ya kwanza ilikuwa kichekesho. Mwalimu alituinamisha tukaweka vipaji vya uso kwenye mkeka, na mwanamke mmoja akauliza kibla kiko upande gani, maana yeye hainami hivyo kuelekea chooni. Mikeka yote ikageuzwa. Mwisho wa somo mwalimu akasoma kwenye karatasi yake, kwa upole kabisa, "Sasa tulaleni chali, mikono pembeni, tufumbe macho. Huu unaitwa mkao wa maiti."

Mwanamke mmoja mtu mzima aliinuka, akachukua mkoba wake, akasema, "Huo nitaukaa siku yangu ikifika," akashuka ngazi. Tuliobaki tulilala kwa ubavu wa kulia kama wanavyolala Waislamu. Shangazi peke yake alilala chali. Aliponyoosha mikono nilimwona akikunja uso, lakini aliukunjua haraka.

Kipande alichokipenda mwalimu zaidi kilikuwa kile cha kuusikiliza mwili. Tulikaa, tukafumba macho, naye akatupitisha: nyayo, magoti, tumbo, kifua. "Mwili hausemi uongo," alikuwa akisema. "Uulizeni unabeba nini. Palipo na uzito, wekeni mkono hapo."

Wengine waliweka mikono tumboni, wengine kooni. Shangazi aliupeleka mkono chini ya kwapa la kushoto. Jumamosi iliyofuata, palepale. Na iliyofuata. Mwalimu alifurahi, kwa sababu sisi wengine tulikuwa tunahamahama. Akaja akapiga magoti mbele yake.

"Mama, unasikia nini hapo?"

"Pazito," shangazi akasema, macho kayafumba.

"Uzito huo ni wa nani?"

Shangazi alifikiri. Alikuwa mtu wa kujibu swali alivyoulizwa, basi akajibu. "Alikuwepo mtu. Wakamuondoa."

Wanawake wakavuta pumzi. Walidhani ni mume, na mwalimu naye akadhani ni mume, macho yakamlengalenga machozi. "Pole, mama," akamwambia. "Hapo ndipo huzuni inapokaa. Usiipige vita. Pumua hapo. Ivutie pumzi, iambie nakuona."

Shangazi akapumua hapo. Alipumua vizuri kuliko sote. Alianza kufanya hivyo hata nyumbani, kibarazani baada ya kuuza, mkono chini ya kwapa na macho yamefumba, na wapita njia wakampa salamu za taratibu wakidhani yumo kwenye dhikri. Mwalimu akamweka mbele ya darasa awe mfano. Akampiga picha, kwa idhini yake, akiwa vile vile na mkono wake pale. Nimeambiwa picha ile bado inatumika kuonyesha watu jinsi mwanamke anavyopata utulivu.

Mimi ndiye niliyeona doa. Ilikuwa mchana, nilikuwa nimerudi mapema kwa mtihani wa wanafunzi, nikamkuta shangazi anakanda unga kwa mkono mmoja. Ule wa kushoto ulikuwa umeningʼinia. Kwenye kanga yake, ubavuni, palikuwa na doa la rangi ya chai.

"Nini hicho?"

"Hapana neno."

Nilimgeukia mama, aliyekuwa kaketi kwenye kibao cha mbuzi anakuna nazi. Mama hakuinua macho. Aliendelea kukuna mpaka kile kifuu kikawa hakina kitu, na bado akakuna. Ndipo akaniambia lile jambo. Siku ile ya kusomewa, ustadhi hamgusi mwanamke asiye wake, basi alimwamuru mama abonyeze pale jini alipoonyesha. Mama akabonyeza, na chini ya vidole vyake pakawa na kitu kigumu, mfano wa kokwa ya tende.

"Nikamwambia, ustadhi, hapa pana kitu. Akasema ndipo jini alipofunga fundo. Akasema kikulacho ki nguoni mwako, lakini akitoka fundo litayeyuka. Akanipa mafuta nimpake."

"Na likayeyuka?"

"Lakua," mama akasema. "Nampaka kila usiku nalo lakua."

Nilimpigia kelele mama yangu siku ile. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, na akayapokea yote bado kaketi juu ya mbuzi ile na machicha mapajani. Akaniuliza kitu kimoja tu. "Ningemwambia nani, mwanangu? Babako kashasema mlango umefungwa." Hasira haikunipungua hata kidogo.

Hospitali kubwa tulikwenda kesho yake. Tulikaa kwenye benchi refu mpaka adhuhuri. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mchovu, wa kusema kweli bila kuipamba. Alimvua shangazi kanga, akatazama, akamfunika tena taratibu mno, na kule kufunika taratibu kulinipa habari kabla hajafungua mdomo. Walikata kipande wakapime. Tuliporudi kwa majibu alituambia kwamba ni saratani, imetembea, imefika kwenye mifupa, na kwamba kazi iliyobaki ni kumpunguzia maumivu.

"Mama, hili umekuwa nalo muda mrefu," akamwambia shangazi. "Kwa nini hukusema?"

Shangazi alimtazama mama. Alikuwa na mazoea hayo tangu zamani, akitaka kujua kilichosemwa kwa mdomo wake.

"Alisema," mama akajibu.

"Alimwambia nani?"

Mama aliikunjakunja ncha ya buibui lake. Daktari akangoja kidogo, akaandika alichoandika, akaita mgonjwa mwingine.

Nilimwambia baba jioni ile ile, kibarazani, mbele ya wenziwe wa mazungumzo, maana niliona kama siku ile ya wazee ilikuwa na watu hii nayo iwe na watu. Sikupunguza sauti. Baba hakunikemea. Aliingia ndani akakaa gizani. Kulipokucha hakwenda Biashara Street. Aliwapandia wageni wa chumba cha juu, akawaomba radhi, wakaondoka na mabegi yao makubwa wakigongagonga ngazi. Akafagia chumba kile mwenyewe. Sijawahi kumwona baba ameshika fagio kabla ya hapo, na alifagia vibaya.

Tulimpandisha shangazi juu tukimshika huku na huku. Alikuwa mwepesi. Tulimlaza kitandani kwa nyanya, karibu na dirisha, akatazama kichochoro: paka, waya za umeme, mwanamke anaanika nguo upande wa pili. Alitazama vile siku kadhaa, akilala na kuamka, na sijui kama alikuwa na furaha. Ningependa kusema alikuwa nayo. Dawa za maumivu zilikuwa zinamlevya, na alipokuwa hajalewa alikuwa anauma shuka.

Na hapo baba akamtuma mtu kwa fundi.

Mama alidhani amesikia vibaya. Fundi mwenyewe alidhani anachezewa, maana tangu Mhabeshi atolewe hakukanyaga tena kwetu na baba alikuwa akimpita barabarani bila salamu. Lakini alikuja baada ya alasiri, kazeeka, na upatu wake ndani ya mfuko wa plastiki. Baba alikuwa keshatayarisha kila kitu. Alileta halua nzuri, udi wa Kihindi, marashi, dele la kahawa, na kanga jozi mpya, nyekundu, ambayo haijapata kukunjuliwa mbele ya mteja yeyote. Akavipanga kwenye sinia. Akatandika mkeka kando ya kitanda, akakaa chini, na miguu kaikunja kama zamani.

Fundi akaimba. Moshi wa udi ukajaa chumba ukatokea dirishani. Shangazi alikuwa kalala macho wazi, anatutazama kama mtu anayetazama watu wa upande wa pili wa kichochoro. Mabega yake hayakutikisika. Fundi akaurudia wimbo, akaurudia tena.

"Karibu, mgeni wetu," baba akasema. "Tumekukosea. Tusamehe. Kiti chako chataka nini? Sema chochote. Kiti chako chataka nini?"

"Kaka," shangazi akasema, kwa sauti yake ile ya jikoni. "Humu hamna mtu. Ni mimi."

Baba alingoja, kama aliyedhani hayo ni maneno ya mlangoni na mwenyewe yuko nyuma anakuja.

"Mwambie aje, dada. Nina maneno naye."

"Mulimtoa. Kama una maneno, nambia mimi."

Nimemwona baba akimwuzia kanga mwanamke aliyeapa mara tatu kwamba hanunui. Sijapata kumwona akikosa neno. Alitazama halua, akatazama ile jozi nyekundu, akaisogeza kidogo ikae sawa kwenye sinia. Mtu mzima yule, aliyejua kumwuliza jini anataka nini, dadake hakuwahi kumwuliza, na sasa hakujua linaanzwa vipi. Nilitaka kumwonea huruma. Nilijaribu, nikashindwa.

"Chumba hakina joto?" akauliza mwishowe.

"Hapana neno, kaka," shangazi akasema, akaugeuzia uso wake dirishani.

Alifariki wiki ile ile, mchana, mama akimshika mkono. Ile jozi nyekundu tulimfunika nayo kwenye jeneza. Ile halua haikuguswa, na halua haiharibiki upesi, basi ikaletwa kwenye matanga pamoja na kahawa, ikapitishwa kwa wanawake waliokuja kutufariji. Walisifu mahamri ya marehemu. Walisifu upole wake. Jirani mmoja, aliyekula mahamri hayo tangu meno yake ni mazima, akamega kipande cha halua, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema, "Ndio yale yale. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Mama alikuwa hajawahi kumnyima mtu chakula tangu aolewe nyumba ile. Aliinuka mahali alipokuwa, akapita katikati ya wanawake wote, akaichukua ile sahani ya halua mikononi mwa jirani, akarudi nayo jikoni.